Feleji ya Sumaku: Chuma Ndani ya Mashine za Umeme

Feleji ya sumaku ni chuma kilichotengenezwa kwa kazi moja: kupitisha nguvu ya sumaku kwa urahisi, kuipokea na kuiachia mara nyingi kila sekunde, na kupoteza nishati kidogo kadiri inavyowezekana. Haijengi daraja wala haiwi nondo ya nyumba. Hukatwa karatasi nyembamba, karatasi hizo hupangwa kwa mamia na maelfu, kisha hufungwa ndani ya jenereta, transfoma na mota, mahali ambapo mtumiaji wa umeme hazioni. Shaba ndiyo inayojulikana na watu, kwa kuwa waya huonekana. Lakini shaba bila chuma cha namna hii haifiki mbali.

Safari ya umeme wa Bujumbura inaonyesha nafasi yake. Mto Ruzizi hutoka Ziwa Kivu, lililo karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, ukashuka hadi Ziwa Tanganyika, lililo karibu mita 770. Kwenye mteremko huo, upande wa Bukavu, upo mtambo wa Ruzizi I wa mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II ulioanza kazi mwaka 1989, mali ya pamoja ya Burundi, Rwanda na Kongo kupitia shirika la SINELAC. Ndani ya Burundi yenyewe ipo mitambo ya Mugere (megawati 8, mwaka 1982) na Rwegura (megawati 18, mwaka 1986), na baadaye ikaja miradi ya Jiji na Mulembwe, iliyopangiwa jumla ya megawati 49.5.

Nguvu ya maji hayo hukutana na feleji ya sumaku mara tano kabla ya kufanya kazi mjini. Mara ya kwanza ni ndani ya jenereta, kando ya mto. Mara ya pili ni katika transfoma inayopandisha volti ili umeme usafiri kwenye nguzo ndefu. Mara ya tatu ni kwenye kituo cha kupozea kinachopokea laini kubwa. Mara ya nne ni kwenye transfoma ya mtaani, inayoshusha volti kufikia 400 na 230 za majumbani. Mara ya tano ni ndani ya mota, kwa mfano zile zinazosukuma maji ya Ziwa Tanganyika, yanayonywewa katika sehemu kubwa ya Bujumbura. Katika kila hatua chuma hutoza ushuru wake kwa joto. Nchi yenye megawati chache ina sababu kubwa ya kujua ushuru huo ni kiasi gani na unapunguzwaje.

Kwa nini chuma

Mwaka 1831, mjini London, Michael Faraday alizungusha waya kwenye pande mbili za pete ya chuma. Alipounganisha betri upande mmoja, sindano ya sumaku iliyokuwa upande wa pili ilitikisika, kisha ikatulia. Alipoikata betri, ikatikisika tena. Waya za pande mbili hazikugusana. Kilichovuka ni sumaku iliyopita ndani ya pete, na kilichozaa umeme ni kubadilika kwa sumaku hiyo. Pete ile ndiyo babu wa kila transfoma iliyopo leo.

Hewa nayo hupitisha sumaku, ila kwa shida. Chuma kizuri huipitisha kwa urahisi mara maelfu zaidi. Wingi wa sumaku katika eneo fulani hupimwa kwa tesla. Sumaku ya dunia inayogeuza dira katika ukanda wa ikweta ni karibu tesla 0.00003. Ndani ya kiini cha transfoma hufikia tesla 1.5 hadi 1.7, yaani karibu mara 50,000 ya hiyo, na mkondo unaohitajika kuiamsha ni mdogo sana.

Hesabu moja inatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Chukua kiini ambacho mkato wake una chuma cha sentimita mraba 200, kinachofanya kazi kwa tesla 1.7 na herzi 50, ambayo ndiyo kasi ya umeme wa Burundi na Afrika Mashariki yote. Kila mzunguko mmoja wa waya unaokizunguka huzaa karibu volti 7.5. Kwa hiyo upande wa volti 230 huhitaji mizunguko 31 tu, na upande wa volti 10,000 huhitaji mizunguko zaidi kidogo ya 1,300. Chuma kikiwa dhaifu, kikaweza kubeba nusu tu ya sumaku hiyo, fundi atalazimika kuongeza mizunguko maradufu au kunenepesha kiini maradufu. Shaba itaongezeka, mafuta ya kupozea yataongezeka, na chombo kitakuwa kizito kwa nguzo. Ubora wa chuma ndio unaoamua ukubwa wa mashine nzima.

Chuma nacho kina kikomo. Ikifika takribani tesla 2, feleji ya silikoni hushiba: kila kinachoongezwa kwenye waya hakiongezi sumaku ya maana. Mafundi huacha nafasi chini ya kikomo hicho. Volti ikipanda kwa asilimia 10, sumaku nayo hupanda kwa asilimia 10, na kiini kilichokuwa kwenye tesla 1.7 hujikuta kwenye 1.87, karibu na mlango wa kushiba. Kasi ya umeme ina athari ileile kinyumenyume. Chombo chenye transfoma iliyobuniwa kwa herzi 60 za Marekani pekee, kikiletwa kwenye herzi 50 na kupewa volti ileile, hudai sumaku asilimia 20 zaidi. Ndiyo maana vyombo vya namna hiyo huchemka na hata kuungua ingawa volti imeshushwa vizuri.

Joto linatoka wapi

Joto la chuma lina vyanzo viwili vikuu.

Cha kwanza ni ukaidi wa chuma chenyewe. Mwaka 1907 Pierre Weiss, mwanafizikia aliyezaliwa Alsace, alieleza kwamba ndani ya chuma mna maeneo madogo, na kila eneo ni sumaku kamili iliyoelekea upande wake. Chuma kisichoamshwa kina maeneo yanayoelekea pande zote, yakafutana. Mkondo ukipita kwenye waya, mipaka ya maeneo hayo husogea: yaliyoelekea upande unaotakiwa hukua na mengine hupungua. Lakini mipaka haitelezi kama mafuta. Hunaswa kwenye chembe za kaboni, kwenye takataka za salfa na nitrojeni, na kwenye mikunjo iliyoachwa na nyundo au mashine ya kukatia. Kuinasua kunagharimu nishati, na nishati hiyo hugeuka joto. Kwa herzi 50, mzunguko mzima wa kwenda na kurudi hutokea mara 50 kila sekunde, usiku na mchana. James Alfred Ewing aliliita jambo hili histeresi katika miaka ya 1880, na mwaka 1892 Charles Steinmetz alitoa kanuni ya kulikadiria, ambayo wabunifu wa mashine waliitumia kwa vizazi.

Chanzo cha pili ni umeme usiotakiwa. Chuma nacho ni njia ya umeme, na sumaku inayobadilika haichagui. Huzaa mkondo kwenye waya wa shaba na huzaa mkondo ndani ya chuma kilekile kinachoibeba. Mikondo hiyo huzunguka ndani ya chuma kama maji kwenye kizingia, haifanyi kazi yoyote, ila hupasha moto. Léon Foucault aliionyesha mwaka 1855, na katika nchi zilizosomea Kifaransa, Burundi ikiwemo, bado huitwa mikondo ya Foucault.

Dawa ya mikondo hiyo ni kukata njia yake. Badala ya kipande kizima cha chuma, kiini hujengwa kwa karatasi nyembamba, kila moja ikiwa imepakwa ngozi isiyopitisha umeme. Sumaku hupita kwa urefu wa karatasi bila kizuizi, lakini mkondo unaotaka kuvuka kutoka karatasi hadi karatasi hukuta ukuta. Faida yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa: joto la mikondo hii hufuata mraba wa unene. Karatasi ikipunguzwa unene kwa nusu, joto hushuka hadi robo. Kutoka bamba la milimita 2 hadi karatasi ya milimita 0.5, hushuka hadi sehemu moja ya 16.

Silikoni

Transfoma za kwanza za biashara, zilizotengenezwa Budapest mwaka 1885 na Károly Zipernowsky, Ottó Bláthy na Miksa Déri, zilitumia chuma laini cha kawaida. Chuma hicho kilikuwa na ugonjwa wa ajabu: kilizeeka. Transfoma iliyopimwa vizuri siku ya kufungwa, baada ya miezi kadhaa ya kukaa na joto ilianza kupoteza umeme zaidi na zaidi. Kaboni na nitrojeni zilizokuwa zimeyeyuka ndani ya chuma zilikuwa zikijikusanya polepole kuwa chembe, na chembe hizo zikainasa mipaka ya maeneo ya sumaku.

Tiba ilitoka kwa silikoni, elementi iliyo nyingi katika mchanga. Robert Hadfield, mwenye kiwanda cha chuma mjini Sheffield, alikuwa amechanganya chuma na silikoni tangu miaka ya 1880, akitafuta ugumu. Mchanganyiko wake ulipopimwa kwa sumaku na William Barrett mjini Dublin, pamoja na W. Brown, matokeo yaliyochapishwa kati ya 1900 na 1902 yaliwashangaza wahandisi. Chuma chenye silikoni kidogo kiligeuka kwa wepesi zaidi, hakikuzeeka, na kilizuia mikondo ya Foucault. Asilimia 3 ya silikoni huongeza ukinzani wa umeme ndani ya chuma mara nne hadi tano. Muda mfupi baadaye viwanda vya Ujerumani, Uingereza na Marekani vilianza kuuza karatasi zake.

Silikoni ina bei yake. Kila asilimia inayoongezwa hupunguza kidogo kiasi cha sumaku ambacho chuma kinaweza kubeba: chuma safi hushiba karibu na tesla 2.15, na chenye silikoni asilimia 3 karibu na 2.03. Tena chuma huwa kikavu. Kikipita takribani asilimia 4 huvunjika kama kigae kwenye mashine ya kukunjua, yaani inayokibana kiwe chembamba. Ndiyo sababu karatasi nyingi za transfoma husimama karibu na asilimia 3. Asilimia 6.5 ingefaa zaidi, kwa kuwa hapo chuma hakinyooki wala kusinyaa sumaku inapogeuka, lakini hupatikana kwa njia ghali ya kuipenyeza silikoni kama gesi kwenye karatasi iliyokwisha kukunjuliwa. Wajapani waliipeleka kiwandani katika miaka ya 1990.

Punje zinazoelekea upande mmoja

Chuma kimejengwa kwa fuwele, na kila fuwele ni mpangilio wa atomu katika michemraba midogo. Mwaka 1926 Kotaro Honda na Seiji Kaya, nchini Japani, walipima fuwele moja moja na kuthibitisha kwamba sumaku hupita kwa urahisi kabisa ikifuata ukingo wa mchemraba, na kwa shida ikifuata mshazari wake. Karatasi ya kawaida ina fuwele nyingi, au punje, zilizotupwa ovyo, kila moja ikielekea kwake. Kama zote zingeelekezwa ukingo wake kwenye njia ya sumaku, hasara ingeshuka sana.

Norman Goss, Mmarekani, aligundua namna ya kuzielekeza na kupata hataza mwaka 1934. Alikunjua chuma kikiwa baridi, akakipasha moto, akakikunjua tena, akakipasha tena. Njia hiyo, pamoja na maboresho yaliyoifuata, ndiyo inayotumika hadi leo. Bamba la silikoni asilimia 3 hukunjuliwa likiwa moto hadi unene wa takribani milimita 2, kisha hukunjuliwa baridi hadi milimita 0.23, 0.27, 0.30 au 0.35. Huondolewa kaboni katika gesi yenye unyevu, hupakwa oksidi ya magnesi, kisha hufungwa roli na kukaa siku kadhaa katika tanuri la hidrojeni lenye joto la karibu nyuzi 1,200 za Selsiasi. Ndani ya tanuri hilo punje chache zilizoelekea upande sahihi huzimeza jirani zake, zikakua hadi milimita kadhaa, hata sentimita. Takataka zilizotiwa kwa makusudi, kama vile salfaidi ya manganisi, huzizuia punje nyingine zisikue mapema. Kazi ya takataka hizo ikiisha, hidrojeni huziondoa.

Ngozi ya kijivu juu ya karatasi hiyo ni kama kioo chembamba kilichozaliwa tanurini kutokana na magnesi na silikoni. Ikiondolewa kwa tindikali, punje huonekana kwa macho. Mtu aliyezoea mabati mapya ya kuezekea, yenye maua ya zinki yanayong'aa kwa mabaka, ana picha ya karibu sana. Tofauti ni kwamba kwenye bati maua ni ya rangi ya juu tu. Kwenye feleji hii kila baka ni fuwele moja iliyopenya unene wote wa karatasi.

Katika miaka ya 1960 kampuni ya Yawata ya Japani, iliyokuja kuwa sehemu ya Nippon Steel, iliboresha mwelekeo wa punje kwa kutumia nitraidi ya alumini. Baadaye viwanda vikaanza kuchora mistari hafifu ya leza juu ya karatasi ili kuyagawa maeneo ya sumaku yaliyokuwa mapana mno. Karatasi nzuri za leo hupoteza chini ya wati moja kwa kilo katika tesla 1.7 na herzi 50.

Koo mbili na majina yake

Feleji yenye mwelekeo inafaa pale ambapo sumaku hufuata njia moja, kwenda na kurudi. Hiyo ndiyo hali ya transfoma. Ndani ya jenereta na mota hali ni nyingine: sumaku huzunguka pamoja na rota, yaani sehemu inayozunguka, ikipita kila sehemu ya chuma kwa pande zote. Hapo hutumika feleji isiyo na mwelekeo, ambayo punje zake ni ndogo na zimetawanyika kwa usawa. Unene wake huwa milimita 0.35, 0.50 au 0.65.

Majina ya kibiashara husomeka kama kitambulisho. M400-50A, kwa utaratibu wa Ulaya, ni feleji isiyo na mwelekeo inayopoteza hadi wati 4.00 kwa kilo katika tesla 1.5 na herzi 50, yenye unene wa milimita 0.50. M105-30P ni feleji yenye mwelekeo, inayopoteza hadi wati 1.05 kwa kilo katika tesla 1.7, yenye unene wa milimita 0.30. Anayejua kusoma jina anaweza kupiga hesabu papo hapo: kiini cha mota chenye kilo 50 za M400-50A, kikifanya kazi kwa tesla 1.5, hula karibu wati 200 kwa chuma peke yake, kabla mota haijazungusha chochote.

Katika jenereta ya maji, chuma kisichozunguka, yaani stata, ni duara pana mno kukatwa katika karatasi moja. Hukatwa vipande vya upinde, vikapakwa vanishi na kupangwa kama matofali, tabaka juu ya tabaka, maungio ya tabaka moja yakifunikwa na katikati ya vipande vya tabaka linalofuata. Baada ya tabaka kadhaa huachwa uwazi wa kupitisha hewa, kisha mrundo wote hubanwa kwa boliti ndefu. Rota hubeba sumaku isiyobadilika upande, kwa hiyo nguzo zake za sumaku huweza kutengenezwa kwa mabamba manene zaidi. Utaratibu huo hutumika katika mashine ndogo za Mugere na katika mashine tisa za megawati 235 kila moja za bwawa la Julius Nyerere nchini Tanzania. Kinachobadilika ni ukubwa.

Transfoma ya mtaani

Ndani ya pipa la transfoma iliyo juu ya nguzo kuna fremu ya feleji yenye miguu mitatu, na kila mguu umevaa koili zake. Pembe za fremu ndizo mahali pa hatari. Karatasi zikikutanishwa kwa mkato wa mraba, sumaku hulazimika kupinda na kuvuka punje kwa upande mgumu. Kwa hiyo huchongwa kwa nyuzi 45, na maungio ya tabaka mfululizo husogezwa kidogo kidogo kama ngazi, ili pengo la tabaka moja lizibwe na jirani zake. Kazi hii hufanyika pia Afrika Mashariki, kwa mfano Arusha katika kiwanda cha TANELEC, ingawa feleji yenyewe huagizwa kutoka nje.

Mvumo unaosikika chini ya nguzo wakati mtaa umenyamaza ni sauti ya chuma hicho. Feleji hunyooka na kusinyaa kwa sehemu ndogo sana ya urefu wake kila sumaku inapofika kilele, na kilele hufika mara mbili katika kila mzunguko. Herzi 50 kwa hiyo huzaa mvumo wa mara 100 kwa sekunde. Mvumo ukibadilika ghafla, ukawa mzito na wa kukwaruza, huenda karatasi zimelegea au volti imepanda na chuma kinakaribia kushiba.

Wakati mwingine mvumo huo hutokea kwa sekunde chache tu, pale umeme unaporudi baada ya kukatika. Chuma kilibaki na sumaku kidogo tangu kilipozimwa. Umeme ukirudi katika hatua inayoongezea juu ya masalia hayo, kiini hushiba, na mkondo wa kuingilia hupanda mara kadhaa juu ya ule wa kawaida kabla ya kutulia. Mji unaopata umeme kwa zamu huzipa transfoma zake mshtuko huu mara nyingi kuliko mji ambao umeme haukatiki.

Hasara ya chuma ina tabia moja inayoitofautisha na hasara ya shaba. Shaba huchemka kulingana na matumizi: wateja wakilala, nayo hupumzika. Chuma hakipumziki. Hupoteza kiasi kilekile saa tisa usiku kama saa moja jioni, maadamu transfoma imeunganishwa. Transfoma ya kVA 100 ya daraja la zamani huweza kupoteza wati 320 kwa chuma pekee. Ya daraja bora, wati 145. Mwaka una saa 8,760. Ya kwanza hula karibu kilowati-saa 2,800 kwa mwaka, ya pili karibu 1,270. Mtandao wenye transfoma 1,000 za namna ya kwanza huteketeza kilowati 175 zaidi, saa zote za mwaka mzima. Hayo ni maji yaliyopita kwenye turbini bila kuwasha taa ya mtu.

Joto hilo lazima litoke, na mahali huchangia. Viwango vya kimataifa huhesabia transfoma kufanya kazi hadi mita 1,000 juu ya bahari. Bujumbura iko chini ya hapo, lakini ina hewa ya moto. Milima ya Mugamba hupita mita 2,000: kuna baridi, lakini hewa yake ni nyepesi na hubeba joto kidogo.

Katika karakana

Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, ni mji wa mafundi. Katika mitaa ya aina hiyo, mjini humo na kwingineko Afrika Mashariki, mota iliyoungua haitupwi. Hupelekwa kuzungushiwa waya upya, kazi ambayo waliozoea Kifaransa huiita bobinaji. Hapo ndipo feleji ya sumaku huonekana kwa mtu wa kawaida: koili zikishatolewa, hubaki bomba la karatasi mia kadhaa zilizobanwa, lenye meno kwa ndani na mifereji kati ya meno.

Kazi nzuri ya waya inaweza kuharibiwa na jambo dogo lililofanywa kabla yake. Vanishi ya zamani hushika koili kama gundi, na njia ya haraka ya kuilainisha ni moto. Moto wa kuni au wa gesi usiopimwa huunguza pia ngozi iliyo kati ya karatasi. Ngozi nyingi za asili ya rangi na vanishi hazitakiwi kupita nyuzi 370 za Selsiasi. Zikipita, karatasi hugusana, mikondo ya Foucault hufunguliwa njia, na mota hurudi kazini ikiwa na waya mpya na chuma kilichopooza. Itazunguka, ila itakuwa ya moto hata isipobeba mzigo, itakula umeme zaidi, na waya wake mpya utaungua kabla ya wakati. Tanuri lenye kipimajoto huondoa hatari hiyo.

Tupa na nyundo ni maadui wengine. Kupiga tupa ndani ya mifereji huburuta kingo za karatasi na kuziunganisha. Nyundo huacha mikunjo ndani ya fuwele, na kila mkunjo ni mahali pengine pa kunasa mipaka ya sumaku. Feleji ya transfoma yenye mwelekeo huumia hata zaidi: karatasi iliyokunjwa na kunyooshwa tena haiwi kama ilivyokuwa, mpaka ipashwe upya tanurini.

Fundi makini hukipima chuma kabla ya kuweka waya. Huzungusha kebo chache kupitia katikati ya stata, hupitisha mkondo unaoamsha kiini kwa kiwango chake cha kazi, kisha husubiri na kupapasa. Chuma kizima hupata vuguvugu kwa usawa. Mahali palipoungana hupata moto kabla ya pengine, na kiganja hupagundua mara moja.

Nje ya feleji ya silikoni

Katika miaka ya 1970 kulipatikana mshindani. Chuma kilichochanganywa na boroni na silikoni, kikimwagwa juu ya gurudumu baridi linalozunguka kwa kasi, hupoa kwa karibu nyuzi milioni moja kwa sekunde. Atomu hazipati nafasi ya kujipanga kuwa fuwele, na utepe unaotoka, wenye unene wa takribani milimita 0.025, hauna punje wala mipaka yake. Transfoma za utepe huu hupunguza hasara ya chuma hadi karibu theluthi moja. Lakini utepe hushiba mapema, karibu na tesla 1.56, na ni mkavu, kwa hiyo chombo huwa kikubwa na huhitaji uangalifu.

Chaja za simu na vibadilishaji vya mitambo ya sola hufanya kazi kwa maelfu ya mizunguko kwa sekunde. Huko hata karatasi nyembamba ni nene mno, na nafasi yake huchukuliwa na feraiti, unga wa oksidi za chuma uliookwa kama vyungu.

Sumaku za kudumu ni kinyume cha yote yaliyotangulia. Feleji ya transfoma husifiwa kwa kusahau haraka. Sumaku ya kudumu husifiwa kwa kutosahau. Iliyo na nguvu kuliko zote sokoni, ya neodimi, chuma na boroni, ilitangazwa katika miaka ya 1983 na 1984 na Masato Sagawa wa Japani na John Croat wa Marekani, kila mmoja kwa njia yake, na sasa imo katika mota za magari ya umeme. Burundi ina malighafi yake: miamba ya Gakara, kusini-mashariki mwa Bujumbura, ina madini adimu yenye neodimi. Yalichimbwa wakati wa Wabelgiji, yakachimbwa tena na kampuni ya Rainbow Rare Earths kuanzia 2017, hadi serikali ilipoisimamisha kazi hiyo mwaka 2021. Hata hivyo mota yenye sumaku za neodimi huhitaji stata ya karatasi za silikoni, kwa kuwa sumaku huzunguka mbele ya chuma na chuma hicho lazima kigeuke nayo.

Kuchagua na kununua

Transfoma hukaa kazini miaka 30 au 40. Bei ya dukani hulipwa mara moja. Hasara ya chuma hulipwa kila saa ya miaka hiyo. Kwa sababu hiyo mashirika ya umeme yenye utaratibu mzuri hayalinganishi bei peke yake. Huongeza juu yake thamani ya wati zitakazopotea kwa chuma na kwa shaba katika maisha ya chombo, kisha huchagua jumla iliyo ndogo. Mara nyingi transfoma ya feleji bora, iliyoonekana ghali siku ya zabuni, ndiyo rahisi.

Kwa mashine zilizokwisha kununuliwa, yanayobaki ni matunzo: volti isipandishwe kupita iliyoandikwa kwenye kibao, boliti za kiini zikazwe, transfoma zisizo na wateja zizimwe badala ya kuachwa zikivuma, na mota zinazozungushiwa upya zichomwe kwa joto linalopimwa. Kiini kizee, chombo kikifika mwisho wake, bado ni mali. Karatasi zake zikitolewa bila kukunjwa hujenga transfoma ndogo za kulehemu na za kurekebisha volti, na zilizobaki hurudi tanurini kuwa chuma kipya.